Jukwaa la kuelea linazama, linalala au linagoma kupanda? Anza hapa

Usiguse koki yoyote kabla hujajua maji yako wapi. Majukwaa mengi ninayoitwa kuyatazama hayakuharibiwa na hitilafu ya kwanza. Yaliharibiwa na mtu aliyekimbilia kompresa.

Mwongozo huu ni wa majukwaa ambayo vikundi vinajenga kwenye ghuba zetu, kuanzia Msimbati na Mikindani, kupitia Sudi na Mchinga, hadi Kilwa Masoko: sakafu ya mbao, chini yake mapipa ya plastiki ya lita 200 au mabomba makubwa ya plastiki, na baadhi ya mapipa hayo yana koki za kuingizia maji na hewa ili jukwaa lishuke na kupanda. Wengine wanayatumia kushusha mwani aina ya kotonii kwenye maji ya chini yaliyo baridi kidogo, maana kotonii haivumilii joto la maji ya kina kifupi. Wengine wanashikilia vizimba vya samaki, wengine wanalinda jongoo bahari. Matatizo yanafanana.

Kabla ya yote, paka alama za kina kwenye pembe nne. Mstari mweupe kila sentimita 5, namba zisomeke kutoka kwenye mtumbwi. Zisome asubuhi bahari ikiwa imetulia, watu wakiwa wameshuka, na uandike kwenye daftari. Bila alama hizo, utaniambia tu "fundi, jana lilikuwa sawa", nami sina pa kuanzia.

Jukwaa linakaa chini zaidi kila wiki

Hili ndilo lalamiko namba moja. Hakuna kilichopasuka, hakuna mlio, ila mbao zilizokuwa kavu sasa zinalowa.

Sababu inayoongoza ni vizibo. Pipa la bluu au jeusi likipigwa na jua la Mtwara mchana kutwa, hewa ya ndani inapata moto na kutanuka, na ile iliyozidi inatoka kidogo kidogo pembeni mwa kizibo. Usiku pipa linapoa. Hewa ikishuka kutoka nyuzi 50 hadi 27, inasinyaa kwa karibu asilimia 7, na pipa linaanza kunyonya. Kama kizibo kiko chini ya maji, linanyonya bahari. Kwa pipa la lita 200 hiyo ni hadi lita 14 kwa usiku mmoja, na kesho yake mchezo unaanza upya.

Kipimo chake ni rahisi. Alfajiri, kabla jua halijawaka, fungua polepole kizibo cha pipa ambalo kizibo chake kiko juu ya maji. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, "fyuuu", pipa hilo ni zima: lilishikilia mnyonyo usiku kucha. Pipa lililokaa kimya ndilo la kulitilia shaka. Halafu gonga mapipa yote kwa kipande cha mti, kutoka juu kwenda chini. Pale sauti inapogeuka kutoka wazi kuwa nzito ndipo usawa wa maji ulipo.

Tiba: badilisha mpira wa kizibo, si kuongeza silikoni juu ya mpira uliochakaa. Zungusha pipa kizibo kiangalie juu, kiwe juu ya mstari wa maji. Paka rangi nyeupe sehemu inayopigwa na jua, au iweke kivulini chini ya sakafu.

Inayofuata ni mzigo uliojiongeza wenyewe. Pipa moja zima kwenye maji ya chumvi linabeba takriban kilo 205, na ukitoa uzito wa pipa lenyewe unabaki na kama kilo 195. Mapipa 12 ni kilo 2,340. Mimi sikubali mzigo wote, mbao na watu wakiwemo, upite kilo 1,400, ili mapipa mawili matatu yakijaa bado kuna salio. Vikundi vingi vinaanza vizuri, kisha anakuja huyu na kibanda, yule na mabati, mwingine na tangi la maji la lita 1,000 ambalo likijaa ni tani nzima. Mwani mbichi uliorundikwa sakafuni nao unabeba maji mengi kuliko unavyodhani. Pakua kila kitu, soma alama. Zikirudi zilipokuwa siku ya kwanza, pipa halina kosa.

Ya tatu ni viumbe wanaoota chini: chaza wadogo, yale magamba makali yanayochana mikono, na mwani pori. Vaa miwani ya kuogelea uchungulie. Kama plastiki haionekani tena, kwangua kwa kipande cha mbao ngumu. Usitumie panga, utajitobolea pipa.

Nyufa zipo, ila ni chache kuliko watu wanavyofikiri. Mara nyingi ziko pale kamba inaposugua pipa. Pipa lenye ufa litoe. Plastiki hii haishiki gundi, na kiraka ulichokibandika Jumatatu kitadondoka bahari ikichafuka.

Pembe moja inazama maji yakijaa tu, yakipwa inarudi

Hapa huna haja ya kutafuta tundu. Kamba ya nanga ni fupi. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu inapita mita 3, na aliyefunga kamba alipima kina siku ya maji mafu. Bahari inapanda, kamba haina pa kwenda, inavuta pembe ile chini. Ongeza kamba. Pima kina siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, kisha zidisha mara tatu kwa ghuba iliyotulia kama Mikindani, mara tano pale kusi linapopiga moja kwa moja. Usikate kamba iliyokazika. Ikikatika kwa nguvu inarudi na kuvunja mkono. Subiri maji yapwe, ilegee.

Jukwaa linalala upande mmoja

Sehemu hii isome yote kabla hujafanya chochote, kwa sababu kuna kulala kwa namna mbili, na tiba ya moja inaua nyingine.

Namna ya kwanza: linalala upande uleule siku zote. Ukisimama upande wa pili linanyanyuka kidogo, ukiondoka linarudi lilipokuwa. Huku ni kuzidiana uzito. Anza na mzigo wa sakafuni: sogeza, soma alama. Kisha gonga mapipa ya upande uliozama. Kisha angalia kamba za upande huo. Mwisho angalia koki ya maji ya upande huo kama inafunga kweli. Chembe moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi kidogo, na jukwaa linashuka pembe moja usiku kucha mkiwa mmelala.

Namna ya pili ndiyo ya hatari. Jukwaa linalala kulia. Mtu anavuka, au wimbi linapita, linageuka ghafla na kulala kushoto, na linabaki huko. Linakataa kusimama wima. Hapa hakuna upande mzito. Tatizo ni kwamba uzito uko juu mno, au maji yanacheza ndani ya matangi, hivyo kusimama wima kwenyewe ndiko kusikowezekana.

Kila mtu hapa anafanya kosa moja: anajaza maji upande ulionyanyuka ili "kusawazisha". Jukwaa linapita katikati kwa kasi, na sasa upande huo una uzito wa ziada pamoja na mwendo wake. Linapinduka.

Fanya hivi badala yake. Watu washuke, mmoja mmoja, bila kukimbia. Ondoa vitu vya juu kabisa: fungua tangi la maji la kibandani limwagike, shusha mabati, shusha magunia. Kama bado linalala, ongeza farumi, yaani maji ya kulitia jukwaa uzito, chini, kwenye chumba (pipa au tangi lenye koki) cha chini kabisa, na anza na upande *ulioinama*, chumba kimoja hadi kijae pomoni, ndipo uhamie upande wa pili. Ndiyo, litainama zaidi kwanza. Inatisha kuliangalia. Lakini linainama polepole na hujalipa nafasi ya kurusha uzito kutoka upande hadi upande. Kama sakafu ya upande ulioinama iko karibu kuguswa na maji, usijaribu hata hilo. Liache, ita mtu anayefahamu uthabiti wa vyombo.

Kuhusu maji yanayocheza: tangi tupu halisumbui, tangi lililojaa halisumbui. Tangi la nusu ndilo adui. Aliyewahi kujitwika beseni la maji kutoka kisimani hahitaji maelezo. Nguvu ya kuyumbisha inategemea upana wa maji uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (upana × upana × upana), kwa hiyo ukigawa tangi kwa ukuta mmoja wa katikati, unaotoka tezi hadi omo, athari inashuka hadi robo. Kwa anayejenga upya: vyumba vingi vyembamba, na sheria ya kwamba kisizidi chumba kimoja cha nusu kwa wakati mmoja.

Msidhani haya ni ya majukwaa ya madumu peke yake. Julai 2005 jukwaa kubwa la mafuta la Thunder Horse kwenye Ghuba ya Mexico lilikutwa limelala vibaya baada ya kimbunga Dennis, na uchunguzi ukagusa mabomba na vali za farumi zilizoruhusu maji kuhama kutoka tangi hadi tangi. Mbaya zaidi ni jukwaa la kuchimba mafuta la Ocean Ranger, Februari 15, 1982, nje ya Newfoundland huko Kanada. Wimbi lilivunja dirisha la chumba cha kuongozea farumi, maji ya chumvi yakaingia kwenye vidhibiti vya umeme, na wafanyakazi ambao hawakuwa wamefunzwa vya kutosha wakahangaika na vali kwa mkono huku chombo kikizidi kuinama. Watu wote 84 walikufa. Dirisha lile peke yake lisingelizamisha.

Unapiga hewa, jukwaa halipandi

Zima kompresa kwanza. Sasa uliza haya kwa mpangilio huu.

Je, koki ya chini iko wazi? Ili hewa iingie, maji lazima yapate pa kutokea. Koki ikiwa imefungwa, au imeziba kwa mwani na magamba, unachofanya ni kulipulizia pipa hadi lipasuke. Na pipa si mtungi wa gesi. Mfuniko wake wenye upana wa sentimita 57, ukisukumwa na presha ya baa 1 tu (baa ni kipimo cha presha), unabeba zaidi ya tani mbili na nusu. Kompresa ya gereji ya pancha inafika baa 8 bila jasho. Weka vali ya kutoa presha kwenye njia ya hewa, uirekebishe isipite baa 0.2 juu ya presha ya kina unachofanyia kazi. Asiyekuwa nayo asiwashe kompresa. Hapo sina mjadala.

Je, hewa inavuja? Tazama maji: uzi wa mapovu unaopanda mahali pamoja unakuonyesha kiungo. Juu ya maji tumia povu la sabuni ya unga. Viungo vya mpira wa hewa vilivyofungwa kwa raba ya tairi ndivyo vya kwanza kukaguliwa. Weka bana za chuma kisichoshika kutu.

Je, umeipa kompresa muda? Watu hawapigi hesabu hii. Pipa la lita 200 lililoko mita 5 chini linahitaji hewa ya lita 300 ya hapa juu, kwa sababu kila mita 10 za maji zinaongeza presha ya baa 1, na hewa inagandamizwa. Kompresa ndogo ya kujazia matairi ya bajaji, ya lita 30 kwa dakika, itachukua dakika 10 kwa pipa hilo moja. Mapipa 12 ni saa mbili, kama betri haijafa. Hilo si jukwaa lililogoma.

Je, limekaa kwenye tope? Karibu na mikoko, maji yakipwa, mapipa yanazama kwenye matope na kushikwa. Usiongeze hewa. Litang'oka kwa mpigo na kuruka. Subiri maji yajae, nyanyua pembe moja kwa pole, tope lipate kupumua, ndipo pembe nyingine.

Ukimaliza yote hayo, kagua vali ya njia moja. Mshale uliochorwa kwenye mwili wake uangalie upande hewa inakokwenda. Imefungwa kinyume mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, hasa baada ya mtu kuifungua kuisafisha na kuirudisha gizani.

Linapanda au kuzama lenyewe kwa kasi

Kwa hili sina hatua za mtumiaji. Ondokeni juu yake na chini yake, mtumbwi usogee mbali.

Chanzo chake ni cha ubunifu. Pipa lililo wazi kwa chini, lenye hewa ndani, haliwezi kutulia katikati ya maji. Likishuka kidogo hewa inagandamizwa, linabeba pungufu kuliko hapo awali, linashuka zaidi. Hewa ya lita 200 iliyopimwa juu inakuwa takriban lita 133 ikifika mita 5. Umepoteza karibu kilo 69 za kuelea bila kugusa kitu. Likipanda, kinyume chake: hewa inatanuka, linachomoka kama lililotupwa. Mwenye kompresa anahangaika kufungua na kufunga, na kila anachofanya kinachelewa.

Ninachowaambia wote wanaotaka jukwaa la kushuka: kina kisishikiliwe na hewa. Hewa ni ya kupandisha tu. Lifanye jukwaa liwe zito kidogo tu kwenye maji, kilo 40 au 50, kisha litundike kwa kamba nne kutoka kwenye maboya yaliyofungwa kabisa, yanayobaki juu. Kamba ya mita 4 inalishikilia mita 4, hewa ivuje au isivuje. Maboya hayo yabebe walau mara tatu ya uzito huo. Ukitaka kulipandisha, unatoa maji kwenye vyumba viwili vya pembe zinazokabiliana kwa mshazari, halafu viwili vingine, kidogo kidogo. Ni ghali zaidi kwa maboya manne. Jukwaa jipya ni ghali zaidi.

Nanga inaburuta

Chukua alama mbili za nchi kavu, mnazi na paa, uone kama zinahama. Ongeza urefu wa kamba kabla hujaongeza uzito wa nanga. Weka mita chache za mnyororo kati ya nanga na kamba ili mvuto uwe wa kulala chini. Gunia la mchanga kwenye majani ya bahari linateleza tu.

Msimu wa vimbunga usiupuuze. Kenneth Aprili 2019 kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, hapo jirani tu na Mtwara, na Hidaya Mei 2024 kilizitikisa Lindi na Kilwa. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoka, jukwaa lipakuliwe, vyumba vyote viwe ama vimejaa kabisa au vitupu kabisa, koki zifungwe, na mlinzi ashuke. Hakuna mlinzi anayekesha juu ya jukwaa kwenye dhoruba, hata akisema anaogelea kama samaki.

Acha hapo, ita fundi

Usiingie ndani ya tangi la chuma, hata dakika moja, hata kumfuata mwenzako aliyeanguka. Kutu inakula hewa ya kupumulia na tangi lililofungwa muda mrefu linaweza kuwa halina oksijeni kabisa. Wengi wanaofia matangini ni waliokwenda kuokoa.

Usichomelee wala kukata pipa lililowahi kubeba mafuta, thina au kemikali usiyoijua. Kuliosha kwa sabuni hakutoshi.

Usipige mbizi chini ya jukwaa lenye farumi inayohamishwa, wala kwa kupumua hewa ya kompresa ya gereji. Hewa hiyo ina moshi na mafuta. Kazi ya chini ya maji apewe mpiga mbizi aliyefunzwa, na kwenye bandari na miji ya gesi wapo.

Ita fundi pia kama jukwaa limegeuka upande zaidi ya mara moja, kama sakafu imepinda katikati, kama bomba kubwa limeonyesha ufa kwenye kiungo kilichoyeyushwa, au kama mnataka kuongeza ghorofa, kibanda au abiria. Likianza kubeba watu kwa malipo ni suala la ukaguzi wa TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na hilo liulizwe kabla ya kujenga.

Ukipiga simu, uwe na haya mkononi: namba za alama za pembe zote nne za leo na za wiki iliyopita, kipi kimepakiwa na wapi, koki zipi ziko wazi sasa hivi, ni maji mafu au bamvua, na nani aligusa nini mara ya mwisho. Hilo la mwisho watu huwa wanalificha, na ndilo linaloniokolea nusu siku.